Mkutano wa Kijiji Nao ni Shura



Masika iliyopita, kamati ya msikiti wetu hapa Morogoro iliamua kupanua mahali pa kutawadhia. Tulikaa wanaume saba baada ya sala ya Isha, tukakubaliana kabla chai haijapoa. Ili kupata nafasi, tuliuziba mlango wa akina mama. Fedha ilikuwepo, fundi alikuwepo, na nia ilikuwa njema. Mvua ziliposhika, akina mama wakawa wanazunguka nyuma ya msikiti, tope miguuni na watoto mgongoni. Wengi wakaacha kuhudhuria darsa. Siku moja mama mmoja wa makamo alituita pembeni akauliza: "Wanangu, mlipouziba ule mlango, mlimwuliza nani?" Tuliufungua muhtasari wa kikao tulioandika kwa mkono wetu, tukakuta hauna jibu.

Swali hilo si geni katika milima hii. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi katika mashamba yao. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: udongo ulikuwa ukimomonyoka, na maji ya mto Ruvu yanatoka Uluguru. Lakini amri ilishuka kutoka juu. Wakulima walijua kuwa katika miteremko mikali udongo wenye rutuba ni mwembamba, na ukichimbua matuta unauleta juu ule usiozaa. Kazi ilikuwa nzito, na aliyekataa aliadhibiwa. Mnamo Julai 1955 hasira zililipuka huko Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Baada ya hapo kulazimisha matuta kukaachwa. Udongo haukuhifadhiwa na roho ikapotea.

Leo sheria imetupa njia nyingine. Wataalamu hutaja demokrasia za namna mbili. Ya kwanza ni ya uwakilishi: tunamchagua diwani na mbunge, nao wanaamua kwa niaba yetu. Ya pili ni ya moja kwa moja, ambapo wananchi wenyewe hukaa na kuamua. Wengi wetu tunadhani hiyo ya pili ni hadithi za Ugiriki ya kale, ilhali tunayo vijijini mwetu. Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 1982, inaufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa mamlaka ya juu ya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, mwanamume kwa mwanamke. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hutoa taarifa kwa mkutano huo. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiiruhusu Halmashauri kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu. Wakazi wa mjini nao wana mkutano wa mtaa.

Basi viti vikibaki vitupu, kosa ni la nani? Ardhi inagawiwa, mchango unapangwa, mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu wachache, kisha sisi tunanung'unika barazani.

Ndugu zetu, kushauriana ni ibada. Ndani ya Qur'an imo sura nzima inayoitwa Ash-Shura. Kabla ya vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) alipendelea kubaki Madina. Walio wengi walitaka kutoka, naye akakubali rai yao. Waislamu wakapata msiba mkubwa siku ile. Je, baada ya msiba huo shura ilifutwa? La. Katika Surat Aal-Imran, aya zinazozungumzia Uhud, Mtume aliamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Uhud inatufundisha kuwa hata likiharibika, wengi hao hawaondolewi barazani.

Sisi wa kamati tuliitisha kikao cha waumini wote, wake kwa waume. Akina mama hawakupinga mahali pa kutawadhia. Walionesha upande mwingine wa ukuta ambao sisi saba hatukuufikiria. Mlango umefunguliwa, na gharama ya kubomoa tumeilipa wenyewe wanakamati.

Tunaziomba familia zetu jambo moja. Ulizeni kwa mwenyekiti wenu mkutano ujao ni lini. Siku hiyo baba na mama wapange nani atabaki na watoto, na isiwe kila mara ni mama. Na atakayekwenda asirudi bila kuuliza swali la mama yule: mlimwuliza nani?