Afisa ustawi aijue butura kabla ya kupewa ofisi

Kijana anayesomea ustawi wa jamii ili awahudumie maskini hufundishwa saikolojia, maadili ya kazi na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Yote hayo ni ya lazima. Lakini akipangiwa wilaya ya Karagwe, au Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, atakuta umaskini unaofuata msimu wa kahawa. Kaya iliyoishiwa fedha huuza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado maua au changa mtini, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya msimu. Mavuno yakifika, kahawa si yake tena, na shida ya ada au matibabu huirudisha kwa mnunuzi yuleyule. Hali ni mbaya zaidi kwa waliopoteza migomba kwa ugonjwa wa mnyauko, kwani ndizi ndicho chakula chao. Mtoto aliyeacha shule au mke aliyenyimwa matumizi anapofikishwa ofisini, afisa asiyeijua butura ataandika kwenye faili kwamba malezi ni mabovu, na deni litabaki palepale.

Kwa hiyo mafunzo kwa vitendo yachukue msimu mzima wa kahawa, kuanzia maua hadi malipo. Mwanafunzi akae na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, maafisa ugani na wenyeviti wa vitongoji, na ajifunze Kinyambo cha kuwasikiliza wazee bila mkalimani. Wapo watakaosema afisa huhamishwa, hivyo ujuzi wa Karagwe hautamfaa kwingine. Utamfaa: aliyezoea kuuliza kaya inauza nini, lini na kwa nani hatashindwa kuielewa kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa bei ya chini nje ya ushirika, huko Mtwara. Wengine watasema kinachotakiwa ni fedha, na TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, ipo. Ruzuku hiyo inasaidia kweli, ila kaya yenye deni inahitaji pia mtu wa kuiunganisha na ushirika au kikundi cha kuweka na kukopa kabla haijauza maua mengine. Hoja nzito ni gharama, maana wanafunzi wengi hujilipia chakula na malazi wawapo mafunzoni. Hapo ndipo halmashauri zinazokusanya ushuru wa kahawa zinapaswa kuchangia. Karagwe na Kyerwa zianze kutenga fungu hilo katika bajeti ijayo, na vyuo virefushe muda wa mafunzo.