Siri Hiyo Inamlinda Nani?



Sisi wa Likunja, Nachingwea na Ruangwa tumelelewa katika mila za jando na unyago. Twajua kwamba mwali hakabidhiwi siri bila kufundishwa: huelezwa lipi linasemwa, lipi halisemwi, mbele ya nani na kwa sababu gani. La kushangaza ni kwamba mwenyekiti wa kijiji au diwani huchaguliwa, huapishwa na kukabidhiwa majalada, na mara nyingi hakuna anayemketisha chini kumfunza hayo.

Matokeo yake ni maovu mawili. Wapo wanaotangaza kilabuni jina la binti aliyebakwa, la mgonjwa, au la shahidi aliyewafichua wezi. Wapo pia wanaoficha hata mapato na matumizi ya kijiji, wakisema, "Hiyo ni siri ya serikali." Wa kwanza anamwangamiza mnyonge, wa pili anamkinga mwizi. Wote wawili wamekosa fundisho moja.

Sheria zipo, tena za pande mbili. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inamtishia kifungo kirefu anayetoa siri ya serikali kwa asiyeruhusiwa. Lakini Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka ofisi za umma zimjibu mwombaji ndani ya siku 30, huku ikiruhusu kuzuia taarifa zinazohatarisha usalama wa taifa, uhai wa mtu au faragha yake. Kiongozi aliyesikia habari za kifungo tu atafanya nini? Atafumba mdomo kwa kila jambo, maana mwalimu wake ni hofu.

Wapo wanaosema kwamba wachaguliwa wetu hawana elimu, basi nyaraka nzito zibaki kwa wataalamu. Tunakataa. Mchaguliwa ni jicho letu. Akifumbwa, nasi tumefumbwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Je, mkutano utaridhia nini, ikiwa mwenyekiti mwenyewe hajui ni karatasi ipi anayo haki ya kuisoma na ipi anao wajibu wa kuitangaza?

Jambo hili si la kinadharia kwetu. Ardhi yetu ina kinywe, nikeli na dhahabu. Tukumbuke Buzwagi: mkataba wa mgodi ulitiwa saini London mwaka 2007, na mbunge Zitto Kabwe alipouhoji bungeni mwaka huohuo, alisimamishwa. Ilipofika mwaka 2015 ndipo sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi asilia ilipoagiza mikataba ya namna hiyo itangazwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mchaguliwa afundishwe, kwa Kiswahili chepesi na kwa mifano ya kijijini, kutofautisha siri ya taifa, faragha ya mtu na habari ya wote. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo. Masomo yake na yashuke hadi vijijini. Pili, kila jalada linalopigwa muhuri wa SIRI lionyeshe ni nani aliyeamua hivyo, kwa sababu gani na hadi lini. Tatu, mchaguliwa afundishwe njia halali ya kupeleka habari za uovu, maana mwaka 2015 ilitungwa pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Nasi tusingoje. Katika mkutano mkuu ujao wa kijiji, tunapoambiwa "hiyo ni siri", tuulize kwa heshima na bila woga: siri hiyo inamlinda nani? Ikiwa inamlinda mgonjwa, mtoto, shahidi au mipaka ya nchi, tuinyamazie. Lakini siri inayoogopa mkutano wa kijiji si siri ya serikali. Ni wizi uliopigwa muhuri.