Fedha za dharura za vyuo vya Marekani hazikuwa zawadi kwa matajiri

Machi 2020 Bunge la Marekani lilitenga takriban dola bilioni 14 kwa ajili ya vyuo na wanafunzi waliokumbwa na janga la korona. Uongo uliozuka kuhusu fedha hizo bado unarudiwa.

Wanasema Harvard, iliyokuwa wakati huo na mfuko wa akiba wa takriban dola bilioni 40, ndiyo iliyonufaika. Si kweli. Harvard ilipangiwa dola milioni 8 na ushei, na Aprili 2020 ikatangaza kuwa haitazichukua. Stanford na Princeton nazo zikakataa fungu lao. Robo tatu ya mgawo wa vyuo ilifuata idadi ya wanafunzi wanaopata Pell, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato cha chini.

Dosari ilikuwa kwingine, na wanaolalamika hawaigusi. Asiyesoma muda wote hakuhesabiwa kuwa mtu mmoja. Katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya masomo ya miaka miwili, wengi husoma huku wakifanya kazi, hivyo wawili waliosoma nusu ya masomo walihesabiwa kama mmoja, ingawa kila mmoja wao alidaiwa kodi yake ya nyumba. Vyuo vya wanyonge vilipunjwa hapo. Desemba 2020 Bunge lilirekebisha, likaanza kuhesabu vichwa pia.

Ati wakuu wa vyuo walizila fedha zote? Sheria iliwataka watoe angalau nusu ya mgawo huo kwa wanafunzi, kwa chakula, makazi, matibabu na malezi ya watoto. Haukuwa mkopo.

Dai baya zaidi ni kwamba sheria iliwakataza wahamiaji na wanafunzi wa kigeni. Sheria ya msaada haikusema hivyo. Ni Wizara ya Elimu, chini ya waziri Betsy DeVos, iliyowaengua kwa mwongozo wa Aprili 2020. Vyuo vya jamii vya California vikaenda mahakamani, na Juni jaji Yvonne Gonzalez Rogers akaizuia kwa muda Wizara kuvibana kwa masharti hayo. Kanuni mpya iliyowafungulia wote ilitoka Mei 2021. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania aliyekwama huko mabweni yalipofungwa huenda alisubiri msaada huo zaidi ya mwaka mzima.

Serikali itakayotenga fedha kama hizi tena imhesabu kila mwanafunzi kuwa mtu kamili, na anayestahili atajwe ndani ya sheria yenyewe, asiachiwe waziri.