Kipimo Kabla ya Ankara

Injini ya petroli inapogonga kwa chini, hasa ikibebeshwa mzigo, fundi mzoefu hushuku beringi za krankshafti au za konrodi. Kwa magari ya umma, jibu letu la haraka limezoeleka: beringi mpya zinunuliwe, zifungwe, ankara ilipwe. Miezi michache baadaye kelele ileile hurejea, na ankara nyingine huandikwa.

Krankshafti huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Nafasi kati ya shingo yake na beringi huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Shingo ikishalika na kupoteza umviringo, beringi mpya haiwezi kuurudisha. Fundi makini huipima kwa maikromita katika pande mbalimbali. Ikivuka kiwango cha mtengenezaji, huchongwa, kisha hufungwa beringi nene zaidi, kwa mfano za milimita 0.25 au 0.50. Konrodi nazo hukaguliwa kama zimepinda au tundu limetanuka, na kila kifuniko hurudishwa kwenye konrodi yake. Njia za oili husafishwa, la sivyo chembe za chuma zilizobaki baada ya kuchonga zitaitafuna kazi mpya.

Ujuzi huu upo katika karakana zetu. Kinachokosekana ni thamani yake katika vitabu vya hesabu. Beringi ina risiti, kipimo hakina. Fundi anayepima na kusema shafti bado nzima, isichongwe, huokoa fedha za umma lakini hana mahali pa kudai ujira wake. Anayesema haifai tena hudhaniwa anatafuta ulaji. Anayebadilisha vipuri bila kupima ndiye anayelipwa bila maswali.

Pendekezo langu ni dogo. Kila ankara ya kufufua injini ya gari la umma iambatanishwe na karatasi ya vipimo: kipenyo cha kila shingo kabla na baada ya kuchongwa, nafasi ya oili, saizi ya beringi zilizofungwa, na jina la aliyepima. Upimaji nao ulipwe kama kazi inayojitegemea. Karatasi hiyo itamlinda fundi mwaminifu, itambana mlaghai, na itampa mkaguzi kitu cha kuhakiki.

Tumezoea kuuliza fedha kiasi gani zimetumika. Tuulize pia ni nini kilichopimwa kabla hazijatumika.