Sungura wa Dhahabu Aliyelitia Doa Fumbo

Mwaka 1979 baadhi ya Waingereza walishika majembe na kuanza kuchimbua viwanja vya watu, kisa kitabu cha picha. Mchoraji Kit Williams alikuwa ametoa Masquerade, chenye picha 15, na kumfukia mahali fulani sungura wa dhahabu ya karati 18 aliyemtengeneza mwenyewe. Ili vifaa vya kutafutia madini visimgundue, alimfungia ndani ya chombo cha udongo. Aliyemtaka sungura ilimbidi azisome picha.

Na kuzisoma si kazi ya kitoto. Kila picha imezungushiwa herufi. Unavuta mstari kutoka jicho la kushoto la mtu au mnyama aliyechorwa, unaupitisha kwenye kidole kirefu cha mkono wa kushoto mpaka ugonge herufi pembezoni. Kisha kidole cha mguu, kisha upande wa kulia. Maneno yakikamilika yanakupeleka kwenye msalaba wa kumbukumbu ya Malkia Catherine wa Aragon, huko Ampthill, pale ncha ya kivuli chake inapoangukia saa sita mchana, siku ambayo usiku na mchana vinalingana.

Fumbo tamu kweli! Dhahabu ndiyo iliyolitia doa. Mwaka 1982 sungura alichukuliwa na mtu aliyejiita Ken Thomas. Miaka sita baadaye gazeti la Sunday Times likafichua kwamba hakuwa amefumbua lolote. Fununu zilimfikia kupitia mpenzi wa zamani wa Williams, bila mchoraji kujua. Walimu wawili wa fizikia, Mike Barker na John Rousseau, walilifumbua kihalali wakaambulia patupu. Sungura akapigwa mnada Sotheby's kwa pauni 31,900.

Wachapishaji wanaodhani mtu mzima hafungui kitabu cha picha bila kuahidiwa fedha wanamdharau. Akiahidiwa, anaikagua picha kama tiketi ya bahati nasibu.

Tazama Maze ya Mmarekani Christopher Manson, ya mwaka 1985. Nayo ilinadiwa kwa zawadi, dola 10,000, ambayo muda wake uliisha zamani. Kitabu bado kinawakosesha watu usingizi. Kila ukurasa ni chumba, kila mlango una namba ya chumba kinachofuata. Kazi ni kutoka chumba cha 1 hadi cha 45 na kurudi kwa hatua 16 tu. Ukikosea mlango ukaingia cha 24, hakuna pa kutokea; unaanza upya.