Tunakoboa vitamini, kisha tunazinunua

Wadau, leo naomba tuongee kuhusu hizi bidhaa za "kuongeza afya" zilizojaa madukani hapa Songea. Siku hizi kila pakiti ina ahadi. Juisi ina vitamini, biskuti zina madini ya chuma, maziwa ya unga yanajenga kinga, na kuanzia Lizaboni hadi Msamala hukosi friji ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwanafunzi anakesha na kopo, bodaboda naye anakesha na la kwake.

Hebu geuza kopo usome nyuma. Red Bull ya mililita 250 ina miligramu 80 za kafeini, yaani karibu sawa na kikombe cha kahawa, na sukari ya vijiko vya chai zaidi ya sita. Kahawa yenyewe inalimwa hapo Mbinga! Lakini ukiagiza kahawa kijiweni unaonekana mzee.

Kopo ni hiari ya mtu, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni sembe.

Ruvuma ni kati ya mikoa inayoilisha nchi mahindi. Lakini utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 uliwakuta watoto zaidi ya mmoja kati ya watatu mkoani kwetu wamedumaa, wakati kwa taifa zima ilikuwa asilimia 30. Shibe tunayo, lishe hatuna.

Udumavu una sababu nyingi, maradhi yakiwemo. Ila tazama tunachokifanya mashineni. Tunakoboa mahindi mpaka yang'ae, na sehemu kubwa ya vitamini B, chuma na zinki inaondoka na pumba. Pumba wanakula kuku na nguruwe. Sisi tunabaki na weupe, halafu mwenye uwezo anaingia dukani kununua vitamini zilezile kwenye boksi lenye picha ya mtoto anayecheka. Asiye na uwezo ndiyo basi tena.

Serikali ililiona hili. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula viongezwe virutubishi viwandani. Ngano na mafuta vina viwanda vikubwa, ni rahisi kuvifuatilia. Mahindi yetu yanasagwa kwenye mashine ya mtaani, debe kwa debe. Shirika la Sanku limekuwa likifunga kwenye mashine ndogo kifaa kinachodondosha virutubishi kwa kipimo wakati unga unasagwa. Hicho ndicho kitu cha kusambaza hadi vijijini, na halmashauri zetu zingekipigania kama zinavyopigania mbolea ya ruzuku.

Wakati tunasubiri, dona lipo. Tatizo letu ni aibu: dona tunaliita chakula cha bweni na jela, na mgeni akilikuta mezani anadhani mambo yamekuharibikia. Muhimu mahindi yawe makavu, yasiwe na ukungu, maana sumu kuvu haina mchezo. Ongeza maharage, mboga za majani na dagaa wa Ziwa Nyasa, hapo huhitaji tangazo la mtu.

Tuliosoma ndio tunaoiga matangazo haraka kuliko wote, na wadogo zetu wanatuangalia sisi. Je, nyumbani kwako wanakula sembe au dona? Na nani aliamua?

Nawasilisha.