Ufuta safi usibebe mzigo wa mchanga

Chai ya Pu'er ya China hupanda bei kadiri inavyozeeka. Lakini umri wake hauonekani kwa macho, hivyo mnunuzi makini humtafuta kwanza muuzaji mwaminifu, ndipo aulize bei.

China pia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Tanzania, na Lindi ni kati ya mikoa inayoongoza kwa kuuzalisha. Mkulima wa Kilwa huupeleka kwenye chama cha msingi, kisha huenda ghalani na mnadani. Tatizo huanza pale gunia lililopepetwa vizuri linapochanganywa na lenye mchanga. Mnunuzi asiyeweza kuyatofautisha hupunguza bei ya yote. Mwaminifu humlipia mdanganyifu, na msimu unaofuata naye haoni sababu ya kupepeta.

Kuhimiza uaminifu peke yake hakutoshi. Ufuta upimwe unyevu na uchafu mbele ya mkulima, upangwe kwa madaraja, na kila shehena iingie mnadani ikiwa na jina la chama na daraja lake. Hapo chama chenye mzigo safi kitatafutwa na wanunuzi, na hasara ya mchanga itamrudia aliyeutia.